Mwali wa Penye Kona

Kofia ya kazi ya Mzee Sadalla ilikuwa nyeupe siku aliyoinunua. Leo huwezi kusema ni ya rangi gani. Imejaa vidoa vya saruji vya Tabata, vya Mbezi na vya Kigamboni, na yeye anavijua vyote. Ukimkuta uani amekaa kwenye kibao chake, ataivua na kuizungusha kidoleni akuonyeshe. "Hiki ni cha geti la daktari wa macho. Hiki cha ukuta wa shule. Hiki kikubwa, siku hiyo nilipiga chafya." Binti yangu Najma amemwomba mara nyingi ampe aifue. Hataki. Anasema ikifuliwa atasahau kazi alizofanya.

Ni mpangaji wetu. Chumba chake ni kile cha nyuma, karibu na choo, na alikuwa anaishi humo kabla sijaletwa katika nyumba hii kuwa mke wa Nurdin. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya vyumba sita na ua, imebaki peke yake upande huu wa Kariakoo. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa. Ukisimama uani ukatazama juu, mbingu imebaki kipande cha kutosha kanga moja. Wapangaji wengine wamekuja na kuondoka, wengine kwa amani, wengine usiku na godoro kichwani. Sadalla yupo tu. Anakoroma, anaweka sukari nyingi katika chai ya watu wengine, na akishikilia jambo hata umwite mwenyekiti wa mtaa halegezi. Lakini ukimwuliza Najma ni nani wake, hatasema mpangaji. Atasema babu.

Na ana sababu. Najma alipata homa kali akiwa mdogo, hajaacha ziwa, na homa ile ilipoondoka iliondoka na nguvu za mguu wake wa kushoto. Alipoanza kutaka kusimama, Sadalla alichukua mrunda mmoja, ile miti myembamba ambayo mafundi hukanyaga wakijenga juu, akaukata, akaupiga msasa mpaka ukawa laini, akaufunga kitambaa kwenye kichwa. Ndiyo fimbo ya kwanza ya mwanangu. Alipokua, akakata nyingine ndefu zaidi, na nyingine tena. Zile za zamani hakuzitupa. Zimesimama nyuma ya mlango wake kwa kufuatana, kutoka iliyonifika gotini mpaka iliyonifika begani, na mimi nikiingia kumdai sahani zangu huwa nazitazama kidogo kabla sijatoka.

Najma sasa ni msichana mkubwa, fundi cherehani. Anashona barazani mbele ya nyumba, anakanyaga kwa mguu wa kulia tu, na anakanyaga kwa kasi. Hapo barazani ndipo palipo na mwanga, na ndipo wateja wanapomwona. Lakini baraza yetu iko penye kona, na kona yetu ni nyembamba. Malori yanayoleta marobota ya vitambaa kwenye maduka ya upande wa pili yakikata kona, tairi la nyuma hupanda ukingo wa baraza. Kulikuwa na bomba la chuma lililosimikwa hapo zamani, likagongwa likainama kama mtu anayetafuta sindano, kisha siku moja halikuwapo. Nadhani limeuzwa chuma chakavu.

Mimi ni mtu wa hofu, nakubali. Nikisikia lori linapumua ile breki yake, mkono wangu huenda kifuani wenyewe. Watoto wa mtaani wananiita Mama Taratibu, maana ndilo neno ninalowapigia kelele madereva. Kwa hiyo siku Fuso ya marobota iliporudi kinyumenyume ikang'oa mti unaoshikilia turubai letu, ukaangukia kile kiti cha Najma, na Najma mwenyewe alikuwa ameinuka muda mfupi tu kwenda kutawadha, niliingia chumbani, nikasogeza kitanda, nikasogeza kabati, nikafagia katikati.

"Cherehani inaingia ndani," nilimwambia.

"Ndani wapi?"

"Hapa. Nimekusafishia."

Alichungulia. Chumba kile hata saa sita mchana unawasha taa. "Mama, nitashona nguo za watu gizani? Na wateja watanitafuta wapi, chini ya kitanda?"

"Bora watafute nguo kuliko mimi kutafuta mtoto."

Najma akikasirika hapigi kelele, anaacha kula. Sahani ilikaa mpaka ubwabwa ukawa mgumu. Sadalla alikuwa ukumbini anatupita kwenda nje, akasimama, akaiangalia ile sahani, akaniangalia mimi.

"Mama Najma, nipe wiki mbili."

"Za kufanya nini?"

"Nitaweka nguzo hapo kwenye kona. Nguzo ya tofali, imesimama yenyewe, mbali kidogo na baraza. Lori likitaka kupanda, liipande hiyo kwanza."

"Bomba la chuma limeshindwa, itaweza tofali?"

"Bomba lile lilichomekwa kama mshumaa kwenye keki. Mimi sichomeki."

Nilifikiri. Nurdin alikuwa kazini bandarini, na hata angekuwapo angesema nifanye ninavyoona, kama anavyosema siku zote. "Sawa," nikasema. "Wiki mbili. Lakini siku ya mwisho nitaisukuma mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Ikitikisika hata kidogo, cherehani inaingia ndani na sitaki kusikia neno la mtu."

"Isukume," akasema Sadalla. Najma akavuta sahani yake.

Tofali alizitoa kwa jirani yetu Harilal, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa anabomoa ghala la nyuma lililojengwa na baba yake, na tofali zake zilikuwa zile za kuchoma, nyekundu, ambazo hapa mjini kwetu huzioni mara nyingi. Sadalla alizigonga moja moja kwa mwiko wake wa uashi, anasikiliza. Iliyolia aliiweka huku. Iliyosema puh aliirudisha.

"Fundi, unachagua tofali au matikiti?" Harilal akamwuliza kutoka kwenye kiti chake mlangoni.

"Yote mamoja, Harilal. Lisilolia limeoza ndani."

"Chukua zote nzuri. Lori linalomtisha Mama Najma ni lile linaloleta mzigo wangu. Mimi mwenyewe silali vizuri nikimwona huyu binti hapo."

Kisha Sadalla akaanza kuchimba. Hapo nilijua kwamba sikumwelewa. Nilidhani nguzo ni kitu kinachokwenda juu, lakini yeye kwa siku tatu alikwenda chini tu. Mchanga wa Kariakoo ni laini, unabomoka wenyewe, na yeye akauondoa mpaka akazama kiunoni, akafika kwenye udongo mgumu, akaukanyagakanyaga. Wapita njia hawakumpa nafasi ya kupumua.

"Mzee, unachimba kisima?"

"Nachimba kuzimu, nimesahau kitu."

Akamwaga zege, akasimamisha nondo nne katikati zikitazama juu kama vidole. Halafu akalaza tofali kwenye pipa la maji. Kila tofali lilikaa humo mpaka likaacha kutoa mapovu. Nilimwuliza kwa nini anaziogesha. Akasema tofali kavu lina kiu, ukililaza kwenye udongo wa saruji litanyonya maji yote na saruji itabaki vumbi. Kila mstari aliupanga ukazunguka zile nondo, na mstari wa juu yake aliugeuza, ili kiungo cha chini kifunikwe na tofali zima. Katikati akajaza zege, akaishindilia kwa ubao. Ilipofika jioni alikuwa amepanda mistari michache tu, akaosha mwiko wake kabla hajaosha mikono, akaingia zake ndani.

"Mzee Sadalla," nikamwambia, "unajenga au unasuka ukili?"

"Mkeka mzuri unaanza na ukili."

"Malori hayasubiri mkeka."

"Nikiipandisha yote kwa siku moja itajikalia yenyewe. Za chini zitabonyea kabla hazijakauka. Unataka nguzo au unataka picha ya nguzo?"

Niliondoka maana nilikuwa nimeanza kucheka na sikutaka anione. Kwa siku zile zote mimi nilikaa barazani kando ya Najma, nachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa, jicho langu likiwa barabarani.

Siku moja Najma aliinua uso kwenye kitambaa, akafumba jicho moja. "Babu, imelala kulia."

"Nani?"

"Hiyo nguzo yako."

"Wewe angalia pindo lako. Mimi nimeanza kujenga mama yako hajatobolewa masikio."

"Haya. Lakini imelala."

Sadalla akasonya. Akatoa mfukoni timazi yake, kile kipande cha shaba cha kupimia wima, kinachoning'inia kwenye uzi, aliyoifunga katika kitambaa kama pete ya dhahabu. Akaitundika ubavuni mwa nguzo, akangoja itulie. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akatoa tofali mbili za juu, akakwangua udongo, akazilaza upya. Najma aliendelea kushona, lakini bega lake moja lilikuwa linacheza kwa kicheko. Jioni Sadalla akamletea kashata kutoka kwa muuza kahawa, akaiweka juu ya cherehani, akapita.

Nguzo ilipofika kifuani kwangu akaivika kofia ya zege, yenye mteremko pande zote ili mvua isikae. Nilidhani tumemaliza. Nikakunja mikono ya gauni langu, nikaisogelea.

"Acha!" Sadalla aliruka kama nataka kuingia kwenye moto. "Huyu ni mwali, Mama Najma. Mwali unamsukuma?"

Akaenda kwa wauza vitunguu akaleta magunia. Akayalowesha, akaizungushia nguzo yote kutoka juu mpaka chini, akaifunga kamba. Akanieleza, na safari hii bila mzaha. Nguzo ikikauka kwa jua la Dar itapasuka ndani, na ufa wa ndani hauonekani mpaka siku lori litakapogonga. Inatakiwa ifunikwe wiki nzima, imwagiliwe asubuhi na jioni, na asiiguse mtu. "Kama mwali," akasema. "Hapigwi jua, hatazamwi hovyo. Siku yake ikifika tunamtoa nje, nawe umsukume unavyotaka."

Kazi ya kumwagilia nikaichukua mimi. Bomba letu hutoa maji alfajiri, kwa hiyo nilikuwa nikimaliza kuswali najitanda, natoka na kopo, naizunguka nguzo namwaga taratibu juu ya magunia, na midomo yangu haikukaa kimya. Nilikuwa namwomba Mungu. Mtaani bado hakujapambazuka vizuri, lakini Kariakoo haina saa ambayo hakuna macho. Wenye mikokoteni wanaokwenda sokoni kupokea nyanya walikuwa wananiona.

Na wiki ile ndiyo ilikuwa wiki ya mechi. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa ni mechi gani. Jumamosi watani wa mpira, wa Jangwani wenye kijani na wa Msimbazi wenye wekundu, wanakutana uwanjani, na kuanzia Jumatatu mji mzima umevaa rangi mbili, wake na waume wanagombania kituo cha redio. Sadalla ni wa Jangwani tangu tumboni. Ana jezi ya kijani iliyopauka, huivaa hata akienda kuoga. Kila mtu anajua.

Ijumaa baada ya sala tuliona kundi linakuja. Mbele alikuwa Kasmir, msukuma mkokoteni, mtu mwenye mabega kama kabati la milango mitatu, ambaye ndiye mkubwa wa mashabiki wekundu wanaokaa kwa muuza kahawa. Ni kijana mwenye adabu. Hata siku hiyo alianza na salamu.

"Shikamoo, Mzee Sadalla."

"Marahaba, Kasmir. Naona umekuja na ukoo."

"Tumekuja kwa amani. Tunauliza tu. Humo ndani kuna nini?"

"Tofali."

"Chini ya tofali?"

"Zege."

"Chini ya zege?"

"Mchanga wa Mungu. Chini ya hapo mwulize mwenyewe."

Watu wakacheka. Kasmir hakucheka. "Mzee, tofali gani linavaa gunia? Halafu huyu mama... shikamoo, mama, samahani..."

"Marahaba."

"Huyu mama kila alfajiri anakizunguka hiki kitu, anakimwagia maji, midomo inacheza. Wiki ya mechi! Katikati ya njia ya watu wa Msimbazi! Na wewe mwenyewe ni wa timu gani? Sisi si watoto, uganga tunaujua."

Nikasogea mbele. "Midomo yangu inacheza kwa kuwa namwomba Mungu lori lisimwue mwanangu!"

"Sawa, mama. Basi tufungue magunia tuone, tuondoke."

Mmoja wa wale nyuma yake tayari alikuwa ameshika kamba. Jua lilikuwa la saa nane, linapasua vichwa. Nikaona wiki yote inakwenda, nikaona cherehani inaburutwa kuingia chumbani, nikamwona mwanangu kando ya kabati, taa imewashwa mchana. Ndipo ikasikika fimbo ya Najma inagonga sakafu ya baraza.

"Kasmir!"

"Naam, dada."

"Suruali yako ya kaunda suti iko hapa kwangu. Ile ya harusi ya Jumapili."

"Naijua."

"Mwambie mwenzio aachie hiyo kamba. La sivyo naishona miguu yote miwili pamoja, uende harusini unarukaruka kama chura."

Mkono ukaachia kamba. Vicheko vikapanda mpaka Harilal akatoka dukani kuuliza kuna nini. Lakini Kasmir bado alikuwa hajaridhika, niliona. Shaka ikimwingia mtu wiki ya mechi haitoki kwa kicheko. Akaendelea kusimama, anakwaruza shingo.

Sadalla akaingia ndani. Akatoka na lile kopo langu, akamkabidhi.

"Shika."

"La nini?"

"Unaogopa maji ya Mama Najma. Basi mwagilia wewe. Lete maji yako, kutoka bomba lako, asubuhi na jioni mpaka mwali atoke. Ukae hapa ulinde, uone kama kuna mtu anayeweka kitu. Ila kuna sharti moja. Asiiguse mtu. Wala wewe, wala wako, wala wangu. Ikiguswa kabla ya siku yake inapasuka ndani kwa ndani."

Kasmir akageuka, wakanong'ona na wenzake kama baraza la mawaziri. Kisha akaniambia, "Mama, kesho wewe pumzika."

Jumamosi alfajiri nilichungulia dirishani. Alikuwapo, na madumu mawili ya maji, anamwaga polepole kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameuweka mgongoni ili asiiguse. Midomo yake ilikuwa inacheza. Akakaa hapo mpaka jua likapanda, na kila aliyesimama kuuliza alimweleza yeye. "Hapana, usisogee. Saruji haikauki, saruji inakomaa. Ikikosa maji inapasuka ndani, wewe nje huoni kitu." Sadalla alimsikia kutoka ukumbini, akatikisa kichwa. "Yule anapotea bure kwenye mkokoteni," akasema.

Mechi ilichezwa saa kumi. Sadalla alikaa uani na jezi yake, redio sikioni. Nilijua matokeo bila kuuliza, maana mtaa mzima ulitetemeka kwa kelele na yeye akaivua kofia akaiweka gotini. Ikabaki hivyo mpaka mwisho. Bao moja, na si la Jangwani.

Kwenye kuingia magharibi wakaja wekundu wanashangilia. Sijawahi kuzoea watu wengi. Walitokea upande wa Msimbazi na ngoma, na mavuvuzela, na bendera, wakajaa barabara ukuta kwa ukuta. "Ingia ndani," nikamwambia Najma. Alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani, lile la harusi ya Jumapili, analitia shanga za mwisho. Akaanza kulikusanya, na gauni la harusi halikusanywi haraka. Watu wakapanda barazani. Mimi nilikuwa mlangoni, wakanisukuma nikabanwa kwenye ubao wa mlango, namwona mwanangu kichwa tu.

Hapo likatokea lori dogo, Kenta. Juu yake vijana wamejaa mpaka kwenye paa, dereva anapiga honi kwa mdundo. Njia ya mbele ilikuwa imezibwa na watu, kwa hiyo akakata kona. Akaikata ndani kabisa, kama wanavyokata wote. Niliona taa zake mbili zimeelekea kwenye magunia, na nyuma ya magunia kiti cha Najma. Nikapiga kelele. Nani angenisikia?

Kasmir alikuwa amebebwa mabegani na wenzake. Sijui aliruka au alianguka. Nilichoona ni yule mtu mkubwa amesimama kati ya Kenta na nguzo, mikono ameitandaza, mgongo wake umekaribia magunia nafasi ya kiganja tu, na hata hapo hajayagusa.

"Rudi nyuma! Dereva, rudi nyuma! Mwali hajatoka!"

Dereva alidhani anashangilia, akampigia honi. Kasmir akalipiga boneti kwa viganja vyote viwili mpaka likalia kama debe. "Nimesema mwali hajatoka! Una kwenu wewe?"

Wale vijana wa juu wakaangua kicheko. Mmoja akaanza kuimba, "Mwali hajatoka!" na ngoma ikamdaka, na kufumba na kufumbua barabara nzima inaimba hivyo bila kujua inaimba nini. Kenta likarudi nyuma kidogo kidogo. Watu wakashuka barazani kulifuata.

Nilipomfikia Najma alikuwa amelikumbatia gauni la watu kifuani, macho ameyatoa. Kasmir aliinama karibu yetu, anatweta. "Kuna palipoguswa?" akauliza.

"Hapana, mwanangu," nikasema, machozi yananitoka, "hajaguswa, Mungu akubariki."

Ndipo nikaona kwamba anakagua magunia.

"Na mimi mzima, asante kwa kuuliza," akasema Najma.

Sadalla alitoka na jezi yake ya kijani katikati ya wekundu wote, kofia imewekwa upande. Kasmir alimwona akajitanua. "Umeona, Mzee? Umeona kazi ya maji yangu?"

Najua ilimwuma. Mtu aliyefungwa hataki kuonyeshwa aliyemfunga. Lakini alimtazama yule kijana, akatazama kamba zilivyokaa palepale alipozifunga, akatazama kiti cha Najma.

"Nimeiona," akasema. "Kesho alfajiri uyalete tena."

Tulimtoa mwali wiki iliyofuata, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Sadalla alivaa kofia yake safi, ile ya msikitini. Harilal alivuka barabara na boksi la vitamu, na Kasmir alikuja na mkokoteni wake kabisa, akauegesha kana kwamba yeye ndiye baba wa bibi harusi. Kamba zikafunguliwa, magunia yakaanguka. Ilikuwa nyekundu, bado ina unyevu, inanukia vitunguu, pembe zake zimenyooka kama zimekatwa kwa mkasi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kikapu akapiga kigelegele bila kuuliza ni shughuli ya nani.

"Haya, Mama Najma," akasema Sadalla. "Ahadi ni deni."

Nikakunja mikono. Nikaisukuma kwa viganja. Nikaisukuma kwa bega. Nikageuka nikaisukuma kwa mgongo, visigino vimezama kwenye mchanga, mtandio umeanguka, Harilal anacheka mpaka anashika tumbo. Nikamwita Kasmir naye akasukuma, tukasukuma wote wawili. Ilikuwa kama kusukuma msikiti.

Nilipochoka niliiegemea tu. Ilikuwa baridi, na nilihisi nikisimama hapo siku nzima itanivumilia. Nikamtafuta Sadalla kwa macho. Alikuwa ametupa mgongo, anajifanya anaosha mwiko ambao hakuutumia.

"Cherehani inabaki," nikasema.

Mguu wa Najma ulikuwa tayari uko kwenye pedeli.

Ile nafasi niliyoisafisha chumbani nimeweka pipa la kulowekea tofali, Sadalla ameniomba nimtunzie. Magunia nilitaka kuyatupa akayachukua pia. Jioni akirudi kazini hununua kahawa, akaiegemea nguzo yake akanywa, na kama kuna mtu atakayesimama atamwonyesha kidoa kipya kwenye kofia. "Hiki ni cha hapa," anasema, na hapo lazima aongeze kwamba mashabiki fulani walikuja kumwagilia.

Mimi bado nakaa barazani. Hofu haitoki kwa tofali. Juzi lilikuja lori la marobota, refu, la dereva mgeni, likaanza kukata kona ndani kama zamani. Mkono wangu ukaenda kifuani. Breki zikapumua. Lori likasimama pua kwa pua na nguzo, likarudi nyuma, likajaribu tena, likarudi, mwishowe likazunguka mbali kwa taabu, na dereva akatoa kichwa dirishani, jasho linamtiririka.

"Nani kaweka dude hili hapa?"

Najma alikuwa anapinda pindo. Hakuinua hata uso.

"Babu yangu," akasema.